Kiini ni Kipi? Istilahi za Kuutambua na Kuuchanganua Mmea wa Dawa

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri kwa wingi siku hizi ni yale yahusuyo mitishamba. Wizara, vyuo, zahanati na mashirika ya hifadhi yote yana haja ya kuwaeleza wananchi ni mmea gani umechunguzwa, umeonekana kuwa na nini ndani yake, na utumiwe au uepukwe vipi. Maandishi hayo mara nyingi hutafsiriwa kwa haraka, na aghalabu na mtu ambaye hakusoma kemia wala elimu ya mimea.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa lugha iliyo nyepesi kadiri inavyowezekana, hatua ambazo mmea wa dawa hupitia tangu kutajwa jina lake porini hata kuandikwa muundo wa molekuli zake katika maabara. Tutaonyesha vilevile kwamba katika kila hatua liko neno la Kiswahili lenye kubeba mzigo mzito, na kwamba neno hilo likilegea, kosa litakalotokea si la lugha tu, bali laweza kumfikia mgonjwa. Mfano wetu mkuu tumeuchukua kutoka Mkoa wa Kigoma, kwa sababu huko ndiko kulikofanyika uchunguzi mmoja mashuhuri wa aina hii.

2. Jina la mmea

Kazi yote huanza na jina. Mtu akifika Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, atakuta watu wa lugha nyingi wakiishi pamoja: Waha, Watongwe, Wabembe, Wamanyema, Warundi na wengineo, wote wakizungumza Kiswahili katika shughuli zao. Mmea mmoja waweza kuwa na jina katika kila lugha. Mmea tutakaouzungumzia huitwa mjonso kwa Kitongwe na umubirizi kwa Kirundi. Waganda huuita mululuza, na katika Kiswahili huitwa mtukutu.

Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa na walimu. Neno mtukutu lina maana mbili: mtoto asiyetulia, na kichaka hiki chenye majani machungu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenga: mtukutu huyu, watukutu hawa, mtukutu huu, mitukutu hii. Mfasiri asiyejali upatanisho huondoa alama pekee aliyo nayo msomaji ya kujua linalosemwa.

Majina ya kienyeji yana faida kubwa, kwa kuwa huhifadhi maarifa ya wenyeji. Lakini yana mipaka yake. Jina moja laweza kutumika kwa mimea miwili isiyo na udugu, na mengine hueleza matumizi badala ya kueleza mmea wenyewe. Mwarobaini, kwa mfano, hupewa jina hilo kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Jina hilo husifu mti, wala halimwelezi mtu jinsi jani lake lilivyo.

Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia jina la Kilatini lenye sehemu mbili: ya kwanza ni ya jenasi, ya pili ni ya spishi. Mtukutu ulipewa jina Vernonia amygdalina na Delile, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, mwaka 1826. Sehemu ya kwanza humkumbuka Mwingereza William Vernon. Ya pili hutokana na neno lenye maana ya lozi, kwa kuwa majani yake yanafanana na ya mlozi. Hata jina la Kilatini hubadilika elimu inapoendelea. Siku hizi wataalamu wengi huuweka mmea huu katika jenasi nyingine na kuuita Gymnanthemum amygdalinum. Kwa hiyo mfasiri akikutana na majina hayo mawili katika maandishi mawili, asidhani kwamba ni mimea miwili.

Kinacholifunga jina kwenye mmea ni kielelezo, yaani tawi lenye majani na, ikiwezekana, maua au matunda, lililobanwa katika karatasi hata likakauka, na kuandikwa mahali lilipochumwa, tarehe, jina la kienyeji na lugha ya jina hilo. Vielelezo hutunzwa katika hebaria. Nchini Tanzania ziko hebaria Arusha na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka mia ikipita, mtu anayetilia shaka jina aweza kulifungua jalada na kulitazama tawi lenyewe. Uchunguzi wa kemia usiokuwa na kielelezo ni kama hati isiyo na sahihi: haiwezekani kujua ni ya nani.

3. Kisa cha Mahale

Kiasi cha kilometa 120 kusini mwa mji wa Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika, iko milima ya Mahale. Watafiti kutoka Japani walianza kuchunguza maisha ya sokwe mtu huko mwaka 1965, na mwaka 1985 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Mwezi Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman na Mtongwe Mohamedi Seifu Kalunde walimfuatilia sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, na choo chake hakikuwa cha kawaida. Walimwona akivunja machipukizi ya mtukutu, akiyaondoa majani na gome, akaitafuna sehemu laini iliyo katikati ya shina, akainyonya maji yake machungu na kuyatema makapi. Siku iliyofuata alionekana amepata nafuu. Kalunde aliutambua mmea huo mara moja, kwa kuwa Watongwe huutumia kutibu maumivu ya tumbo, minyoo na homa. Mwaka 1989 wawili hao waliandika kwa pamoja ripoti ya waliyoyaona katika jarida la kisayansi.

Mwaka 1991 lilionekana tukio jingine la namna hiyo. Safari hii kinyesi cha sokwe jike kilichunguzwa kabla na baada ya yeye kuutafuna mtukutu. Mayai ya minyoo ya vinundu yalipungua kutoka 130 katika gramu moja hadi 15 kwa muda wa saa 20. Mnyama mmoja hatoshi kuthibitisha kanuni, lakini hesabu hiyo iliwapa wanakemia sababu nzuri ya kuuliza: ndani ya mmea huu mna nini, na kiko sehemu gani?

4. Kutoka jani hadi molekuli

Jibu la swali hilo hutafutwa kwa hatua zinazofuatana, na mfasiri akizifahamu hatua hizo hatapotea katika msitu wa istilahi.

Hatua ya kwanza ni kuzitenga sehemu za mmea: majani, gome, shina, mizizi. Kila sehemu hukaushwa na kusagwa peke yake. Hatua ya pili ni kuiloweka katika kiyeyushi, kama vile maji, methanoli au etha. Kila kiyeyushi huvuta aina yake ya vitu, kwa hiyo kubadili kiyeyushi ni kubadili kitakachopatikana.

Hatua ya tatu ni kutenganisha vitu vilivyovutwa, kwani ndani ya chupa moja huwamo kampaundi kadha wa kadha. Njia inayotumika zaidi ni kromatografia. Asiyeijua na akumbuke tone la wino linapoangukia karatasi yenye majimaji. Rangi zilizokuwa zimechanganyika husambaa na kuachana, kwa kuwa kila rangi husafiri na maji kwa mwendo wake. Mwanakemia hufanya jambo lilo hilo ndani ya mrija uliojazwa ungaunga maalumu, akakinga kila kampaundi inapotoka.

Hatua ya nne ni kuutambua muundo wa molekuli. Vyombo vya spektrometa huonyesha uzito wa molekuli, na jinsi atomi zake zilivyopangana. Hatua ya tano ni kupima utendaji: je, kampaundi hii huua au hudhoofisha vimelea? Na je, humdhuru anayeitumia? Maswali haya mawili hayatengani.

Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiwamo Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi, walizipitia hatua hizo kwa mitukutu iliyochumwa Mahale. Walipata makundi mawili ya kampaundi zenye kufaa kutajwa. La kwanza ni laktoni za seskwiterpeni, ambazo kiunzi chake kina atomi 15 za kaboni. Mojawapo ni vernodalini, iliyokwisha kutengwa kutoka mmea huu mwaka 1969 na S. M. Kupchan na wenzake. La pili ni glukosidi za steroidi, yaani steroidi zilizofungamana na sukari. Mojawapo huitwa vernoniosidi B1. Kampaundi hii, pamoja na ile inayobaki sukari inapoondolewa, ilipopimwa katika maabara ilizuia mwendo wa minyoo ya kichocho na utagaji wake wa mayai.

Jambo kubwa lililoonekana ni hili: vernodalini, ambayo ilithibitika kuwa sumu kwa panya wa maabara, imo kwa wingi katika majani na gome. Vernoniosidi B1 imo kwa kiasi cha kutosha katika ile sehemu laini ya katikati ya shina. Kwa maneno mengine, Chausiku alitupa sehemu zenye sumu nyingi, akatafuna sehemu iliyo salama zaidi.

5. Tatizo la neno kiini

Sasa tulitazame jambo hilo kwa jicho la mfasiri. Tuchukulie kwamba zahanati moja ya Gungu imeletewa karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa, yenye sentensi hii: “Dawa ya mtukutu imo katika kiini chake.” Msomaji aielewe vipi?

Neno kiini lina kazi nyingi mno. Liko kiini cha yai, kiini cha seli, kiini cha atomi, kiini cha mti, kiini cha habari, na hata kiinimacho. Katika maandishi ya dawa huongezeka maana mbili. Baadhi ya wafasiri huliandika kwa sehemu laini iliyo katikati ya shina. Wengine huliandika kwa ile kampaundi ndani ya mmea ambayo ndiyo hasa yenye kutibu. Sentensi yetu kwa hiyo yaweza kufahamika kuwa “itumie sehemu ya katikati ya shina, uache nyingine”, au yaweza kufahamika kuwa “mtukutu una kitu ndani yake kinachotibu”. Anayeielewa kwa maana ya pili hataona sababu ya kulitupa gome wala majani. Tofauti ya maana mbili za neno moja ndiyo hapa tofauti ya sehemu ya mmea, na tofauti ya sehemu ya mmea ndiyo tofauti ya dawa na sumu.

Neno dawa nalo halitusaidii sana. Kiswahili husema dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu. Upana huo una manufaa katika mazungumzo, kwani kila mtu huelewa kwa muktadha. Lakini katika karatasi ya maelezo, muktadha ni haya maneno yenyewe yaliyoandikwa. Kwa hiyo yafaa kutenganisha mambo matatu: mmea wa dawa, yaani mmea mzima, dawa, yaani kile anachopewa mgonjwa kikiwa kimeandaliwa na kupimwa, na kiambato amilifu, yaani kampaundi yenye kufanya kazi ndani ya dawa.

6. Kukamua, kuloweka, kuchemsha

Baada ya sehemu ya mmea, jambo la pili linaloamua kemia ni namna ya kuiandaa. Katika Afrika Magharibi majani ya mtukutu ni mboga. Nchini Nigeria na Kameruni huoshwa na kusuguliwa katika maji, au huchemshwa na maji yake kumwagwa, hata uchungu ukapungua, ndipo yakaungwa. Jani ni lile lile, lakini linalofika sahanini si lile lililochumwa. Mfasiri atakayeandika kwamba “majani ya mtukutu huliwa” bila kutaja kuoshwa wala kuchemshwa atakuwa amesema nusu ya ukweli iliyo hatari kuliko uongo.

Historia ya dawa ya malaria iitwayo artemisinini inatoa ushahidi mwingine. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikuwa akichunguza mmea wa jenasi Artemisia ambao matokeo yake hayakutulia. Alirejea kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, akaona kwamba humo mmea haukuagizwa kuchemshwa: uliagizwa kulowekwa katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio unaoharibu kinachotafutwa. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la nyuzi 35 hivi tu, na akapata kile ambacho maji ya moto hayakumpa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kitenzi kimoja, kilichotunzwa kwa usahihi kwa zaidi ya miaka 1,600, ndicho kilichoonyesha njia. Angalikuwapo katikati mwandishi mmoja aliyeona kuwa kukamua na kuchemsha “ni mamoja tu”, ishara hiyo ingalipotea.

Kiswahili ni tajiri katika vitenzi hivi: kutwanga, kusaga, kuponda, kuloweka, kukamua, kuchuja, kuchemsha, kukeneka, kufukiza. Hatuna haja ya kuazima. Haja iliyopo ni ya kutokivunja kila kitenzi katika neno moja la jumla, kama vile “kutengeneza” au “kuandaa”.

7. Mmea ulio adimu

Mtukutu ni mmea wa kawaida. Lakini mingi inayochunguzwa huwa adimu, na hapo uzito wa maneno huongezeka. Kosa la kuchuma mmea wa kawaida laweza kusahihishwa kwa kuchuma tena. Mmea adimu huenda usichumike mara ya pili. Mti ukibambuliwa gome kuuzunguka shina zima, njia za kupitishia chakula kwenda mizizini hukatwa, na mti hufa. Prunus africana, mti wa milimani ambao magome yake huuzwa nje kwa dawa za tezi dume, ulivunwa kwa namna iliyolazimu biashara yake iwekwe chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa mwaka 1995.

Watumishi wa serikali wanaoandika vibali wanashauriwa kutochanganya maneno matatu. Mmea adimu ni ule unaopatikana kwa uchache. Mmea ulio hatarini kutoweka ni ule ambao idadi yake inapungua hata kutisha. Mmea wa mahali pamoja ni ule usioota kwingineko duniani, ingawa mahali pale waweza kuwa mwingi. Kibali kinachoruhusu kuchuma “majani na sehemu nyingine” hakina maana katika sheria wala katika sayansi. Yafaa kitaje sehemu, kiasi, mahali na njia ya kuvuna.

8. Mapendekezo

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, tunapendekeza yafuatayo ili yajadiliwe:

(a) Sehemu laini ya katikati ya shina iitwe uboho wa shina, kwa kufuata mfano wa uboho wa mfupa, ambao nao ni kitu laini kilichofichwa ndani ya kigumu.

(b) Kampaundi yenye kutenda kazi iitwe kiambato amilifu, na neno kiini liachiwe seli na atomi katika maandishi ya sayansi.

(c) Gome litumike kwa mti na shina, na ganda kwa tunda, mbegu na yai.

(d) Kinachopatikana kwa kukamua bila moto kiitwe mkamuo. Kwa kuloweka, mloweko. Kwa kuchemsha, mchemsho. Neno la mwisho wapishi wanalo tayari.

(e) Jina la Kilatini liandikwe mara ya kwanza mmea unapotajwa, likifuatana na jina la Kiswahili na la lugha ya mahali ulipochumwa.

(f) Aliyeutambua mmea kwa maarifa ya wazee wake atajwe kwa jina lake, kama ilivyofanyika katika ripoti ya mwaka 1989, wala asifichwe ndani ya neno “wenyeji”.

Kwa mapendekezo hayo, ile sentensi ya zahanati ingesomeka hivi: “Kampaundi inayochunguzwa imo katika uboho wa shina la mtukutu, majani na gome vina sumu nyingi zaidi.” Ni sentensi ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina njia mbili za kufahamika. Wala si ruhusa ya kujitibu. Hiyo hutolewa na waganga waliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na madaktari.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kemia ya mmea haianzii maabara. Huanzia kinywani mwa mtu anayeujua mmea, ikapita katika jina, kielelezo, sehemu, kitenzi cha kuandaa, ndipo ikafika kwenye molekuli. Njia hiyo ndiyo anayoirudia mfasiri kinyumenyume anapolirejesha jibu kwa wananchi, na kiungo kimoja kikikatika, elimu iliyopatikana kwa miaka mingi haiwafikii ilivyokusudiwa.

Wasomaji wetu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya. Hasa walioko Gungu, Ujiji, na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Mahale wanaombwa watuletee majina ya sehemu za mimea yanayotumika kwao. Huenda neno bora kuliko uboho wa shina limekwisha kuwako siku nyingi kinywani mwa mzee fulani, likingoja tu kuandikwa.